Hodi Kwenye Ukuta wa Kusini

Siku ile ya kuniaga, baada ya pilau na kabla ya hotuba ya mwisho, nyinyi wenzangu mliobaki ofisini mliniomba niandike chochote kuhusu miaka yangu ya kutunza majengo ya kale ya wilaya yetu. Nimekaa nyumbani Magole kwa muda sasa. Kuku wamenizoea, na majirani wameacha kuniuliza mbona asubuhi siendi kokote. Basi nimeanza. Vyeo sitaviandika, vilinifikia vimechelewa na nikaviacha vikiwa bado vipya. Nitaandika kuhusu kuta na mtu aliyenifundisha kuta, na kuhusu ukuta mmoja ambao mpaka leo sijui niueleze vipi kwa mtu ambaye hakuwepo.

Nilipoanza kazi Kilosa, ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja nyuma ya boma la zamani, chenye dirisha lisilofungika na meza isiyotulia. Nilifika na cheti changu cha ujenzi na viatu vipya vya ngozi vilivyonibana. Mlangoni, juu ya ndoo iliyopinduliwa, alikuwa amekaa mwanamume mwembamba anakula muhogo wa kuchemsha. Huyo ndiye Mzee Athumani, fundi wetu wa chokaa, mtu wa Mvumi, ambaye alikuwa ameshughulikia kila jengo la kale tulilokuwa nalo kwenye orodha na mengine ambayo hayakuwemo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ndiye wewe Zaituni tuliyeambiwa?"

"Ndiye mimi."

"Haya, vua viatu."

Nilidhani tunakwenda kuswali. Kumbe alinipeleka kwenye ukuta wa nyuma wa boma, akaniweka nyayo juu ya sakafu na kiganja juu ya lipu.

"Unasikia nini?"

"Baridi, mzee."

"Baridi ya namna gani?"

"Baridi ya ukuta."

Alicheka mpaka muhogo ukampalia. Siku zile za mwanzo sikufanya kazi nyingine ila kushika kuta: za boma, za stesheni ya reli, za maduka ya zamani yenye baraza pana. Polepole nikaanza kutofautisha. Kuna baridi kavu ya jiwe lenye afya, na kuna baridi inayong'ang'ania kiganja, ambayo maana yake ni kwamba maji yanapanda kutoka chini au yanateremka kutoka juu. Baadaye tuliletewa kile kifaa cha kupima unyevu. Kizuri, kinasema jambo hilohilo kwa tarakimu, na betri yake huisha ukifika kijijini. Jifunzeni kiganja kwanza.

Vifaa vyangu vingine vilikuwa timazi ya shaba ya kupimia wima, nyundo ya mti na vipande vyembamba vya kioo. Nyundo ni ya kugonga taratibu na kusikiliza. Lipu iliyoshikana na jiwe hujibu kwa sauti fupi, na lipu iliyoachana nalo hulia kama debe. Kioo ni cha kupima ufa: unakibandika kikikatiza ufa, huku na huku unakishika kwa chokaa, kisha unaondoka. Ukirudi ukakuta kimevunjika, ukuta unatembea. Ukikikuta kizima, ukuta umetulia. Hakuna hali ya tatu. Ndivyo nilivyofundishwa, na ndivyo nilivyowafundisha na nyinyi.

Chokaa tuliizima wenyewe kwenye shimo nyuma ya ofisi, tukaiacha ilale ndani ya maji mpaka ilainike kama siagi. Wakuu waliotembelea walituuliza kwa nini tusitumie saruji kama watu wengine. Mzee Athumani aliwajibu kwa adabu kwamba ukuta wa zamani unapumua, na saruji inauziba pua. Nimebandua saruji nyingi maishani, na kila aliyeipaka alikuwa na nia njema.

Si kila kazi ilikuwa ya majonzi. Kule Mikumi tulikuwa na nyumba ndogo ya mawe, pumziko la wajenzi wa barabara ya zamani, iliyosimama ukingoni kabisa mwa hifadhi. Kona yake ya mashariki ilikuwa ikimomonyoka, nasi tukahangaika na nadharia za upepo na mvua. Asubuhi moja tulifika mapema tukamkuta mharibifu yuko kazini: tembo jike, amefumba macho, anajikuna ubavu kwenye kona yetu kwa raha zote. Tuliandika barua nyingi. Tembo hakujibu hata moja. Mwishowe wakulima wa jirani walituonyesha wanavyolinda mahindi yao, tukazungushia kona kamba zilizopakwa oili chafu na pilipili ya kusaga. Akahamia kwenye kibao cha hifadhi chenye picha ya tembo, na hicho hakikuwa juu yetu.

Nawaambia haya ili mjue kwamba mimi si mtu wa kutafuta mambo gizani. Nimezoea kwamba jengo likilalamika, kuna maji, kuna mchwa, kuna msingi mbovu au kuna tembo. Kwa mawazo hayo nilikwenda Mlunga mara ya kwanza.

Mlunga ni kijiji cha milimani, mbali kupita Zombo. Enzi hizo ulipanda kwa miguu ukisukuma baiskeli, na baiskeli ilikuwa ya kubebea chokaa, si ya kukubeba wewe. Kanisa lake lilijengwa na wamishenari na waumini wao wa kwanza, kuta nene za mawe ya mtoni, paa la vigae vya udongo, mlango mkubwa upande wa magharibi unaotazama bonde. Limo kwenye orodha ya majengo yanayolindwa na sheria: halibomolewi, halipanuliwi, halipakwi rangi bila kibali. Nyuma yake, upande wa kusini, mlima unaendelea kupanda, na huko juu kuna makaburi ya kale ya watu wa Mlunga, ya tangu kabla ya misheni. Waumini bado wanazika hukohuko.

Ufa ulikuwa kwenye ukuta wa kusini. Ulianzia sakafuni, ukapanda wima kama uliopigwa timazi. Nyufa haziko hivyo. Ufa wa msingi unaoshuka hukata mshazari, ufa wa joto hutangatanga. Ule ulinyooka mpaka usawa wa juu ya kichwa cha mtu, ukakoma.

Aliyetufungulia alikuwa Debora, mwanamke wa makamo wakati ule, mjane, mkali, aliyekuwa akifagia kanisa na kubadilisha vitambaa vya madhabahu. Hakupenda wageni kwa sababu wageni wana matope miguuni. Nilipokuwa nikiweka vifaa chini niliona kwamba unga wa chokaa ulikuwa ukidondoka kutoka kwenye ufa, maana ulishika vidole, lakini sakafu chini yake ilikuwa safi kabisa. Sehemu nyingine zote za kanisa zilikuwa na vumbi la siku mbili tatu.

"Dada," nikamwambia, "upande huu unaufagia vizuri."

"Upande huo siufagii mimi."

"Nani anaufagia?"

"Unafagiwa," akasema, na kutoka nje kwenda kumfokea Mzee Athumani kuhusu baiskeli.

Tulifunga jukwaa. Kazi yangu ilikuwa kukoroga chokaa na mchanga pale nje, ya Mzee Athumani ilikuwa kuijaza kwenye ufa kutokea ndani. Adhuhuri, jua kali, kijiji kizima kiko mashambani. Nimeinama juu ya beseni, nikasikia mtu anasema "Hodi." Sauti ya mwanamke, si changa si ya kizee, ya mtu anayejua atakaribishwa. Nikainua kichwa nijibu. Mbele yangu hakuna mtu. Kuna ukuta wa kusini tu, na sauti ilikuwa imetokea palepale kwenye mawe.

Nilizunguka mbio mpaka mlango wa magharibi. Mzee Athumani alikuwa amesimama juu ya jukwaa, mwiko mkononi, ananitazama.

"Umesikia, mzee?"

"Umeitikia?"

"Hapana."

"Basi kakoroge chokaa."

Jioni tulipokuwa tunateremka aliniambia jambo moja tu, kwamba mtu akibisha hodi na humwoni, unangoja abishe tena, na ukisharidhika kwamba yuko ndipo umkaribishe. Nilimuuliza kama alisikia mara ya pili. Akasema njia ina mawe, nitazame ninapokanyaga.

Ufa tuliuziba. Msimu wa mvua ulipokwisha ukarudi, palepale, wima. Tukauziba tena. Nikabandika vioo. Nilipokwenda kuvikagua, nilivikuta sakafuni. Havikuwa vimevunjika. Vilikuwa vizima, na chokaa bado imeshikamana kwenye ncha zake, vimeegemezwa ukutani vimepangwa mstari, kama mtu anavyoweka kando kitu cha mwenzake asichotaka kukiharibu. Ufa wenyewe ulikuwa umepanuka kiasi cha kuingiza kidole.

Nilimuuliza Debora kama kuna watoto wanaochezea mle. Akaniuliza watoto gani wa Mlunga ambao wangeona kioo wasikivunje. Katika ripoti yangu nilieleza vioo vilivyokutwa na mahali vilipokutwa, na mkubwa wangu wa wakati ule akanirudishia akiniomba nirekebishe sentensi hiyo iwe na maana.

Miaka ilienda hivyo. Barabara ya kwenda juu ilichongwa, baiskeli ikawa pikipiki. Mzee Athumani alistaafu akarudi Mvumi, macho yakaanza kumwisha. Nilikuwa nikipita kumwamkia kila nilipokuwa na kazi upande ule. Safari moja nilimkuta uani, anasuka kamba kwa kupapasa, na akaniuliza yeye mwenyewe, bila mimi kuanza.

"Ule ukuta wa Mlunga mmeuacha?"

"Bado tunauziba, mzee. Kila mwaka."

Aliendelea kusuka. "Zaituni, mimi nimeziba nyufa nyingi. Ufa wa kawaida, ukiisukuma chokaa ndani inakwenda, inajaa, unahisi kwenye mkono kwamba imejaa. Ule wa Mlunga niliisukuma ndani, na yenyewe ikarudi nje. Polepole. Kama mtoto anavyourudisha uji kwa ulimi asipoutaka."

"Hukuniambia."

"Ningekuambia ungerudi tena kule?"

"Nisingerudi."

"Ndiyo hivyo. Na kazi ilikuwa haijaisha." Kisha akaomba mjukuu wake aniletee maji, tukazungumza habari za mpunga. Alifariki kabla ya mavuno ya mwaka ule. Nyundo yake ya mti ndiyo hiyo iliyoko kwenye kabati la ofisi. Msiitumie kwa misumari.

Jiwe lilianguka kutoka ukuta ule wa Mlunga siku ya mazoezi ya kwaya. Elia, mwimbaji wa sauti ya chini, kijana aliyekwisha oa na mwenye mabega ya mkata mbao, alikuwa amesimama upande wa kusini. Alituambia baadaye kwamba alihisi mtu anamgusa kiwiko, akageuka kuona ni nani, na jiwe likapita pale kilipokuwa kichwa chake likavunja benchi. Nyuma yake hakukuwa na mtu. Waimbaji wote walikuwa mbele.

Baada ya hapo kanisa lilifungwa, na ibada ikahamia chini ya turubai. Mchungaji Yona, aliyekuwa amehamishiwa Mlunga si muda mrefu, alishuka mpaka Kilosa kuniona. Alikuwa mtu mtulivu, mwenye mke na watoto wadogo, na siku hiyo alionekana hajalala vizuri.

"Mama Zaituni," alisema, "waumini wangu wamegawanyika. Wapo wanaotaka tulibomoe tujenge la matofali na bati. Wapo wanaosema tukilibomoa tutakoma. Na wapo walioacha kuja kabisa. Ukuta ule ukimwangukia mtu, mimi ndiye nitakayesimama mbele ya jeneza lake. Nisaidie. Ama tuutengeneze ukatengenezeka, ama niruhusuni nibomoe."

Nilimuuliza yeye mwenyewe anaamini nini. Akasema anaamini ufufuo wa wafu, na mpaka alipofika Mlunga hilo halikuwahi kumpa shida.

Makao makuu walimtuma Mhandisi Kasimu. Nilitegemea mtu wa kutudharau, nikapata mtu makini kuliko wote niliofanya nao kazi. Alikaa Mlunga, akala alichopewa, akachimba vishimo vya majaribio kuzunguka ukuta, na akagundua kwamba kweli maji yalikuwa yakipita chini ya msingi upande wa mlimani. Mpango wake ulikuwa kuyageuza maji kwa mtaro, kuubana ukuta kwa nondo za pembeni na kuujaza upya. Ulikuwa mpango mzuri, nami niliusaini kwa moyo mweupe. Ili nondo zipite, ilibidi tubandue lipu yote ya ndani upande ule, jambo ambalo sisi na Mzee Athumani hatukuwahi kuruhusiwa kulifanya.

Tulianza asubuhi, milango yote iko wazi, Mchungaji Yona na Debora wanatazama. Debora alikuwa bibi tayari, mgongo umepinda, ulimi haujapinda. Lipu ilipotoka ndipo tulipoona kwamba ufa haukuwa ufa. Ulikuwa ukingo. Upande mmoja mawe ya ukuta yaliishia kwa mstari ulionyooka, yamechongwa vizuri kama mawe ya kona. Kasimu akabandua hatua moja pembeni, akapata ukingo wa pili. Juu, pale ambapo ufa ulikuwa unakoma kila mara, palikuwa na gogo la mninga limelala. Katikati ya kingo hizo mbili mawe yalikuwa ya namna nyingine, madogo, yamepangwa harakaharaka.

"Ni mlango," akasema Kasimu. "Uliwahi kuwa mlango, ukazibwa."

Tukachimba chini yake kutafuta kizingiti. Kilikuwepo, jiwe moja pana, jeusi. Katikati limelika kama bakuli, laini, kama vile vizingiti vya majumba ambayo watu wamepita karne na karne. Kanisa lenyewe lina umri wa kawaida tu wa makanisa ya misheni. Na jiwe halikuwa limewekwa juu ya msingi. Msingi ndio uliowekwa juu yake. Chini ya msingi udongo ulikuwa mgumu, umekanyagwa, mstari mwembamba unaotoka bondeni upande wa kanisa na kupanda kuelekea makaburini. Kasimu aliuchunguza kwa muda mrefu akiwa amepiga magoti. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, hii ni njia. Kanisa lilijengwa juu ya njia."

Mchungaji Yona akamgeukia Debora. "Bibi, ulikuwa unajua?"

"Najua nini? Mimi nafagia." Halafu akaongeza: "Nyanya yangu alisema wazungu wa kwanza waliacha mlango hapo kwa sababu wenyeji waliwaomba. Waliokuja baada yao wakauziba. Walisema unatoa baridi wakati wa ibada, na watu wanageuza shingo kutazama nani anapita."

"Nani alikuwa anapita?"

"Wenye kupita," akasema, kwa namna ya mtu aliyeulizwa swali la kijinga.

Tulitoka nje tukakaa kwenye mawe kuamua. Kisheria haikuwa vigumu: mlango ulikuwa wa asili, kuziba ndiko kulikokuja baadaye, na kurudisha jengo kwenye hali yake ya awali kunaombewa kibali kikapatikana. Ugumu ulikuwa wa Mchungaji Yona. Angewaambia nini wakubwa wake? Kwamba amefungua njia ya mizimu katikati ya nyumba ya Mungu?

"Waambie umefungua mlango," alisema Kasimu. "Kiuhandisi, mchungaji, ukuta ule haukuwahi kushikana na kile kizibo. Kila mvua ikinyesha vinasukumana. Ukifungua, mzigo unabebwa na gogo na miimo hii ya pembeni mwa mlango, na maji yatapita kwenye mtaro. Hayo ninaweza kuyasaini."

"Na yasiyosainika?"

Kasimu akafuta miwani yake. "Hayo sikuletwa kuyapima."

Mchungaji alikwenda peke yake mpaka madhabahuni. Tulimwona kwa mbali amesimama, hajapiga magoti, kama mtu anayezungumza na mkubwa wake juu ya jambo zito. Aliporudi alisema, "Fungueni. Kanisa ambalo watu wanaogopa kuingia halina faida hata kama lina kuta zote."

Tulingoja kibali, na kilipofika tukaondoa mawe kuanzia juu. Watu wa kijiji walikuja, wakasimama mbali. Mimi nilikuwa ndani, Kasimu ameshika jiwe la mwisho lililobaki juu ya kizingiti. Alilitoa. Sikusikia upepo. Vumbi lililokuwa likielea kwenye mwanga wa jua halikutikisika. Ila Kasimu, ambaye alikuwa amechuchumaa katikati ya mlango, alisimama, akavua kofia yake ya kazi, akasogea kando akauegemeza mgongo kwenye mwimo. Mchungaji Yona akasogea upande wa pili. Mimi nikajikuta nimerudi nyuma mpaka kwenye benchi, nimekusanya khanga yangu isimguse mtu. Nje, wanakijiji walikuwa wakiachana katikati, huku na huku, kutoka mlangoni mpaka kule njia inapoanza kupanda. Hakuna aliyesema pisha. Tulipisha. Tulisimama hivyo kwa muda, kama watu wanaongoja msafara wa harusi umalizike, na tulipoanza kusogea tena tulianza pamoja. Wanawake wawili walikuwa wanalia, na walipoulizwa walisema hawajui wanalia nini.

Usiku ule sikulala, nadhani na Kasimu hakulala, maana asubuhi alikuwa amenyoa ndevu zake zote na hakueleza kwa nini. Hatukulizungumza. Ripoti yake ni nzuri. Isomeni, mtajifunza mitaro. Yangu imetaja kufunguliwa kwa mlango wa kusini na hali ya mwimo.

Mlango wa mbao nilisimamia mwenyewe, mninga, mwembamba kama ulivyokuwa, bila kufuli. Ukuta ulitulia. Vioo nilivibandika tena pembeni mwa mwimo, na miaka yote iliyobaki ya kazi yangu nilivikuta vizima, mahali pake. Waumini walirudi, kwanza wachache. Upande wa kusini nao ukaanza kushika vumbi kama pande nyingine, na Bibi Debora akalalamika kwamba sasa ana kazi mara mbili na hakuna wa kumsaidia.

Alifariki mwaka wangu wa mwisho kazini. Mchungaji Yona alinipigia simu, nikapanda pikipiki mpaka Mlunga. Mimi ni Mwislamu, na mazikoni kwa wenzetu hukaa nyuma kimya; nilikaa benchi la mwisho, karibu na mlango mkubwa. Utaratibu ulikuwa umetangazwa: baada ya ibada jeneza litatoka mlango wa magharibi, lizunguke kwa barabara pana mpaka makaburini. Wabebaji walikuwa sita, watatu kila upande, Elia mbele kulia. Wakainua, wakaanza kuja kuelekea mimi. Nikasimama kuwapisha.

Katikati ya kanisa waligeuka. Hawakusita, hawakushauriana. Waligeuka kama maji yanavyogeuka, wakaenda moja kwa moja kwenye mlango wa kusini uliokuwa wazi, wakatoka. Mchungaji Yona alinyanyua mkono kuwarudisha kisha akaushusha. Mlango ule naujua. Vipimo vyake nilivichukua kwa mikono yangu. Mtu mmoja anapita na mzigo wake. Jeneza na wanaume watatu huku na watatu huku hawapiti. Nimewahi kurudi baadaye nikapima tena, na hawapiti.

Tulimzika Bibi Debora karibu na nyanya yake. Watu walipoanza kuteremka nilimngoja Elia pale njiani. Alikuwa anapangusa jasho, udongo umemjaa viatuni.

"Elia, mwanangu, mbona mligeuka?"

Akanitazama kwa mshangao. "Si wewe uliyetuita, mama? Ulikuwa umesimama pale mlango wa kusini umejitanda khanga, ukatuashiria kwa mkono tupite huku. Tukadhani mchungaji kakutuma."

Siku hiyo nilikuwa nimevaa gauni la kijani na mtandio mweusi, na nilikuwa benchi la mwisho. Sikumwambia. Lakini yeye mwenyewe alinitazama tena, kuanzia miguuni mpaka kichwani, polepole. Kisha akaenda kwenye ndoo ya maji iliyowekwa chini ya mlima kwa ajili ya waliotoka kuzika, akanawa mikono. Nami nikasimama nyuma yake kwenye foleni, nikingoja zamu yangu.